Swali la Bi Ummu Salama: Mjane, Eda na Kuanza Kuishi Tena

  

Ndugu zangu, safu hii ya darsa huandikwa na masheikh na walimu wetu. Safari hii dada anayesimamia kitengo cha akinadada ameniomba mimi, ambaye si sheikh wala mwalimu, niandike kuhusu mjane. Sababu yake inajulikana na kila anayeswali nasi katika msala wa chuo. Nilikubali kwa sharti moja: nisilazimike kuandika kama mtu aliyekwisha kupona. Yale ya fiqhi nimemsomea ustadhi wangu, naye amenisahihisha mahali pawili. Yale ya moyo ni yangu mwenyewe.

Mume wangu alikuwa fundi magari hapa Buyenzi. Homa ilimshika Jumanne, tukadhani ni malaria kama zile za kila mwaka. Alfajiri ya Jumamosi akawa ameondoka. Alikuwa na miaka 31. Mimi nilikuwa na miaka 24, niko mwaka wa pili chuoni, na mtoto wetu alikuwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushika ukuta. Akazikwa baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume waliondoka na jeneza, sauti zao zikafifia barabarani, nami nikabaki na wanawake. Macho yangu yalikuwa kwenye kamba ya nguo uani. Kanzu yake niliyoifua jana yake ilikuwa bado haijakauka.

Shangazi yake, mama mwenye elimu yake, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, soma ile dua ya Bi Ummu Salama."

Dua ile ninaijua tangu madrasa, na bila shaka nawe msomaji unaijua. Katika nusu ya kwanza mtu anakiri kwamba sisi ni wa Allah na Kwake tutarejea, na anaomba alipwe kwa msiba wake. Katika nusu ya pili anaomba apewe badala iliyo bora. Ile ya kwanza niliisoma. Nilipofika ya pili ulimi ukagoma. Bora kuliko nani? Kanzu ya mtu bado inadondosha maji, nami niombe bora kuliko yeye? Nikanyamaza. Kwa miezi mingi baadaye niliisoma dua ile nusu tu, na kila mara nilijiona kama ninayemficha Mola wangu kitu ambacho anakijua.

Aliyesita kabla yangu

Jina lake ni Hind bint Abi Umayya. Mumewe ni Abdullah bin Abdil-Asad, ambaye tunamjua zaidi kwa kuniya yake, Abu Salama. Walisilimu mapema, wakahamia Habasha. Ulipofika wakati wa kuhamia Madina, jamaa za mke walimzuia yeye asitoke Makka, na jamaa za mume wakamtaka mtoto, wakavutana mpaka mkono wa mtoto ukateguka. Mume akaenda Madina peke yake, mtoto akachukuliwa na watu wa baba yake, mama akabaki mikono mitupu. Ibn Is-haq anasimulia kwamba alikuwa akitoka kila siku kwenda Abtah, akikaa analia mpaka jioni, kwa muda wa mwaka au karibu na mwaka, hadi mtu wa ukoo wake alipomwonea huruma. Akarudishiwa mwanawe, akapanda ngamia akaanza safari peke yake. Uthman bin Talha, ambaye wakati ule hakuwa Mwislamu, alimkuta njiani akamsindikiza kwa heshima mpaka akaiona Quba kwa macho yake. Nimeyaleta haya kwa sababu sisi vijana tukisikia mapenzi ya mke na mume hufikiria filamu. Hawa wawili walikuwa wamelipia kukaa nyumba moja.

Abu Salama alijeruhiwa Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Jeraha likaonekana limepona, kisha likafumuka, akafariki mwaka wa 4. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia akamfumba macho, akaeleza kuwa roho inapochukuliwa macho huifuata. Watu wa nyumba wakapaza sauti. Akawaambia wasijiombee ila kheri, kwani malaika wanaitikia amin. Kisha akamwombea marehemu apandishwe daraja na apanuliwe kaburi, na akamwomba Allah awe ndiye msimamizi wa wale aliowaacha nyuma. Kwa hiyo dua ya kwanza iliyoombwa kwenye kitanda kile iliwataja pia walio hai.

Ummu Salama alijiambia kwamba huyu ni mgeni aliyefia ugenini, basi atamlilia kilio ambacho watu watakisimulia. Alikwisha kujiandaa, na mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka upande wa juu wa Madina kumsaidia kulia. Mtume (s.a.w.) akamkuta njiani, akamuuliza mara mbili kama anataka kumrudisha shetani katika nyumba ambayo Allah amekwisha kumtoa. Ummu Salama anasema basi akaacha, hakulia. Wanazuoni wametufahamisha kwamba kilichokatazwa ni kile kilio cha kuandaliwa, cha kupiga mayowe na kuhesabu sifa. Machozi hayakukatazwa. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi kwa mwanawe Ibrahim.

Ndipo ikaja dua. Alikuwa amefundishwa kwamba Mwislamu anayeisoma katika msiba Allah humpa badala bora. Akafika pale pale nilipofika mimi, akasita. Akajiuliza katika Waislamu ni nani wa kumzidi Abu Salama, mwenye nyumba iliyotangulia kuhama. Kisha akaisoma.

Lililonigusa ni kwamba habari hii tumeipata kwake mwenyewe. Aliisimulia akiwa tayari ni mke wa Mtume (s.a.w.) na Mama wa Waumini. Angeweza kulificha lile swali lake, maana baada ya kuolewa na bora wa viumbe jibu lilikuwa wazi. Hakulificha, na wala hatukupokea kwamba kuna aliyemkemea kwa kuliuliza.

Miezi minne na siku kumi

Nililijua hili baadaye. Kabla yake kulikuwa na eda, na kwenye eda nilijifunza kwa kuumia.

Allah (s.w.) katika Suratul-Baqara aya ya 234 ameweka kwa aliyefiwa na mume miezi minne na siku kumi. Ni miezi ya mwandamo. Kwangu ilitoka siku 128. Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, kwa aya ya 4 ya Suratut-Talaq. Aya ile ya Baqara haiishii kwenye kuhesabu. Inaendelea kusema kwamba muda ukitimia hakuna lawama kwa wale wanawake katika wanalojifanyia kwa wema. Nimehudhuria mawaidha mengi ya msibani na nusu hii ya aya nimeisikia mara chache sana.

Katika siku zile niliambiwa mengi. Nisijitazame kwenye kioo. Nisioge kwa sabuni. Nisimjibu mwanamume hata akibisha hodi kuuliza njia. Nivae nyeupe, kwani nguo nyingine haifai. Hadithi ya Bi Ummu Atiyya (r.a.) katika Bukhari na Muslim inataja manukato, wanja na nguo zilizotiwa rangi za pambo, na hata hapo imeruhusu udi kidogo kwa mwanamke anapotoharika. Kioo hakimo. Sabuni haimo. Weupe si sharti.

Na lile lililonigharimu: siku ya 52 nilikuwa na mtihani. Mama mmoja mtu mzima, ambaye najua alinitakia mema, akaniambia nikivuka kizingiti eda imevunjika na nitaanza upya kuhesabu kutoka siku ya kwanza. Nikabaki ndani. Mtihani ukanipita, na kwa sababu yake na mingine miwili nikarudia mwaka. Ustadhi alipopata habari alisikitika. Eda ni muda, akasema, unakwenda wenyewe kama Ramadhani inavyokwenda. Mtu anaweza kukosea ndani yake, lakini haurudi nyuma. Tena wanazuoni wengi, na hii ndiyo madhehebu yetu ya Shafii, wamemruhusu mjane kutoka mchana kwa haja yake na kulala nyumbani kwake. Moja ya dalili zao ni hadithi ya Muslim kuhusu shangazi... samahani, hapa ndipo pa kwanza niliposahihishwa: ni khalati yake Jabir, yaani mama yake mdogo au mkubwa, aliyekuwa katika eda ya talaka akataka kwenda kuvuna tende zake. Mtu akamkataza. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu, akataja kwamba huenda akatoa sadaka au akafanya jambo jema.

Utaona mtindo: mwanamke anakatazwa na mtu, anakwenda kuuliza mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Bi Subay'a al-Aslamiyya. Mumewe, Saad bin Khawla, alifariki wakati wa Hija ya Kuaga, naye akajifungua muda mfupi baadaye. Alipotoka nifasi akajipamba. Abu Sanabil akamwambia haolewi huyu mpaka miezi minne na siku kumi. Jioni ile ile akakusanya nguo zake akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akajibiwa kwamba alipojifungua alikuwa ameshahalalika. Mimi nilikuwa na simu mkononi na namba ya ustadhi ndani yake, na sikuuliza. Dada zangu, ulizeni.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa tulijue. Aliyetuhifadhia hadithi kubwa ya mlango huu ni Zaynab, binti wa Abu Salama na Ummu Salama. Alikuwa bado mchanga baba yake alipofariki, akalelewa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), akaja kuwa mwanamke wa fiqhi. Yeye ndiye anayetusimulia kwamba zama za jahiliya mjane aliingia kibanda kibovu, akavaa nguo zake mbaya kuliko zote, asiguse manukato mpaka upite mwaka mzima, kisha aletewe mnyama ajipanguse kwake, ndipo atoke na kurusha kinyesi cha mnyama. Na ni yeye anayetusimulia kwamba Bi Ummu Habiba, siku chache baada ya kufiwa na baba yake, aliagiza manukato akajipaka, huku akisema hana haja nayo, ila amemsikia Mtume akikataza kumkalia maiti matanga zaidi ya siku tatu isipokuwa mume. Mtoto wa mjane ndiye aliyetufundisha mipaka ya huzuni ya mjane.

Kuhusu mali nitapita haraka, si kwa kuwa ni dogo. Siku ya nane ndugu zake walikuja kuchukua sanduku la spana na jeki. Madeni hulipwa kwanza, na mahari ambayo hayajalipwa ni deni kama madeni mengine. Kisha wasia, kisha mke ana thumuni ikiwa marehemu ana mtoto, robo ikiwa hana. Iko Suratun-Nisaa aya ya 12. Baba mkwe wangu, Allah amhifadhi, alilirudisha lile sanduku mwenyewe, amelibeba begani.

Siku ya 129

Hakuna aliyenieleza juu ya siku inayofuata. Eda ilikuwa na hesabu yake. Kila asubuhi nilikuwa na namba. Ilipokwisha sikuwa na namba tena. Nilioga, nikavaa baibui niliyovaa zamani, nikatoka mpaka kona ya soko la Ruvumera, nikarudi. Kelele za magereji zilikuwa zile zile.

Chuoni wenzangu walinikwepa. Siwalaumu, walikuwa hawajui waseme nini, na mimi ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo. Dada mmoja tu alikuja akakaa pembeni yangu, akanipa bahasha ya nakala za masomo ya wiki zote zile, akasema, "Ukurasa wa tisa haukutoka vizuri, nitakuletea daftari." Halafu akatoa njugu tukala. Kila Alhamisi jioni alikuja nyumbani na wengine wawili, wakakaa mpaka isha, wakaondoka. Hawakuja kunifariji. Tulizungumza habari za walimu na bei ya mchele.

Baadaye nilisoma kwamba Mujahid amesimulia habari ya wajane wa Uhud. Walimlalamikia Mtume (s.a.w.) upweke wa usiku, akawaruhusu wakutane wazungumze kwa mmoja wao, na wakitaka kulala kila mmoja arudi nyumbani kwake. Riwaya hii ni mursal, yaani Mujahid hakumtaja sahaba aliyempa, na hapa ndipo pa pili ustadhi aliponisahihisha, maana nilitaka kuiandika kama hadithi iliyokamilika. Hata hivyo mafaqihi wameitaja katika mlango huu, na mimi nilipoisoma niliwakumbuka wale dada watatu na njugu zao.

Kama unataka kumsaidia aliyefiwa, anza na hilo. Na chakula. Habari za kufa kwa Jaafar bin Abi Talib zilipofika kutoka Muuta, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi hapa tumeigeuza. Mfiwa ndiye anayepika. Matanga ya mume wangu yalikula mchele wa mkopo ambao nilimaliza kuulipa miezi saba baadaye, na bado kuna aliyesema nyama ilikuwa kidogo.

Kisha siku moja nikacheka. Tulikuwa darasani, paka akaingia akalala juu ya mkoba wa mwalimu, darasa zima likaangua kicheko na mimi nimo. Kilinitoka cha moyoni. Papo hapo nikahisi nimemsaliti mtu. Nikatoka mpaka msalani kwetu, nikakaa.

Ndugu yangu, ukifika hapo mkumbuke Mtume (s.a.w.) na Bi Khadija (r.a.). Alioa baada yake, aliishi, alitabasamu, alishindana mbio na Bi Aisha. Na bado alikuwa akichinja kondoo na kuwapelekea vipande marafiki wa Khadija, mpaka Aisha akaona wivu kwa mwanamke ambaye hakumkuta hai katika nyumba ile. Hala, dada yake Khadija, alipobisha hodi, sauti ilimkumbusha namna Khadija alivyokuwa akibisha, akashituka. Baada ya Badr, binti yake Zaynab alileta kidani cha mama yake ili kumkomboa mumewe Abul-As. Mtume (s.a.w.) alipokiona aliingiwa na huruma kubwa, akawaomba sahaba, wakiona inafaa, wamwachie mateka na wamrudishie Zaynab kidani chake. Khadija alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma.

Niseme na hili, ndugu zangu wa kiume mnisamehe. Mwanamume akioa miezi miwili baada ya kufiwa tunasema amejistiri. Mwanamke akiposwa mwaka wa pili tunauliza alikuwa anamjua tangu lini.

Minhaa

Eda yake Ummu Salama ilipokwisha, Abu Bakr alimposa, akakataa. Umar pia, akakataa. Mtume (s.a.w.) alipomposa alieleza mambo yake waziwazi: ana wivu, ana watoto, na umri umekwenda. Hakuambiwa kwamba mambo hayo ni upuuzi. Alijibiwa moja moja: wivu ataombewa kwa Allah uondoke, watoto watakuwa juu ya Allah na Mtume wake, na umri naye Mtume anao. Ndoa ikafungwa Shawwal, mwaka wa 4. Miaka miwili baadaye, Hudaybiya, watu walipozubaa wasichinje wala wasinyoe, ushauri uliofungua fundo ulitoka kwake. Na Ibn Saad katika Tabaqat amepokea kwamba zamani alimtaka Abu Salama waahidiane, atakayebaki asioe wala asiolewe. Abu Salama akamwambia akifa yeye, aolewe, na akamwombea apate mume bora kuliko yeye, asiyemhuzunisha wala kumuudhi.

Nilimsomea ustadhi sehemu hii na nikamweleza hatimaye kwamba dua ile huisoma nusu. Hakunipa waadhi. Aliniuliza, "Wewe umesoma nahau. Ile 'minhaa' ya mwisho inarudi wapi?" Nikatazama. Kiwakilishi ni cha kike. Kinarudi kwenye musiba, yaani huo msiba wenyewe. Mwenye kuomba haombi mtu bora kuliko mtu wake. Anaomba Allah amletee, mahali pa hili lililomfika, jambo lenye kheri kuliko hili. Kwa Ummu Salama lilikuja kwa sura ya mume. Haijasemwa kwamba kwa kila mtu litakuja kwa sura hiyo.

Usiku ule, mtoto amelala, niliisoma yote. Sauti ilitetemeka kwenye ile herufi ya mwisho. Sikujua ninaomba nini na hata sasa sijui.

Mwezi uliopita kuna mtu amezungumza na mjomba wangu. Nimemjibu kupitia kwake kwamba nina mtoto, nina mtihani wa mwisho, na bado nina huzuni, nataka ayajue yote matatu kabla hajarudi tena. Mjomba hakupenda hilo la tatu. Nimemwomba alifikishe hivyo hivyo.

Mwanangu sasa ana miaka mitatu na kidogo. Anakula na babu yake mzaa baba, sinia moja. Umar, mtoto wa Abu Salama, naye alikula hivyo na Mtume (s.a.w.), mkono ukizunguka sahani nzima, akafundishwa ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Juzi wangu alivuka wali wote akaufikia mukeke wa babu yake upande wa pili. Nikamwambia yale yale matatu. Akatazama mbele yake, akaona wali mtupu, akamwangalia babu. Mzee akausukuma samaki mpaka mbele yake.

Wabillahi tawfiq.